Maziwa Nitakamulia Wapi? Kisa cha Kiwanda cha New Lanark

SEHEMU YA 1: Swali la siku ya kuruhusiwa



Wiki iliyopita nilikuwa namruhusu mama mmoja wodi ya wazazi. Mtoto wa kwanza, ananyonya vizuri, kidonda kisafi, kila kitu kiko sawa. Nikamwambia kama ninavyowaambia wote: maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, hata maji usimpe. Akaitikia kwa kichwa. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini: "Sista, likizo yangu inaisha kabla ya hiyo miezi 6. Kazini kwetu mlango pekee unaofungwa kwa ndani ni wa choo. Maziwa nitakamulia wapi?"

Nilimweleza niliyoyajua: akamue asubuhi kabla hajatoka, amwachie bibi wa mtoto, mtoto anyweshwe kwa kikombe kisafi badala ya chupa. Akashukuru, akaondoka na kichanga chake. Lakini moyoni nilijua sijamjibu. Yeye hakuwa anauliza habari ya maziwa tu. Alikuwa anauliza kama pale kazini kuna bosi hata mmoja aliyewahi kukaa chini akafikiri kwamba mfanyakazi anaweza kuwa na mtoto nyumbani.

Basi leo sitaongelea homa wala chanjo. Nataka niwape historia. Kuna mtu aliyelifikiri jambo hili zaidi ya miaka 200 iliyopita, tena kwenye kiwanda cha nyuzi, tena wakati ambao watoto wadogo wenyewe ndio walikuwa wafanyakazi. Alifanya mazuri, na alikosea pia. Yote mawili yana faida kwetu.

SEHEMU YA 2: Kijiji cha kando ya mto

Twende Scotland, kusini-mashariki ya jiji la Glasgow, kwenye bonde la mto Clyde. Pale mto unaporomoka kwa nguvu, na mwaka 1785 tajiri mmoja wa Glasgow, David Dale, akaanza kujenga viwanda vya kusokota nyuzi za pamba. Maji ndiyo yaliyozungusha mashine. Mahali hapo pakaitwa New Lanark.

Sasa pamba na maji alikuwa navyo, ila watu hakuwa nao. Bondeni hapakuwa na mji mkubwa, na watu wa kule hawakupenda kufungiwa ndani ya jengo kutwa nzima. Kazi ya nyuzi ilihitaji vidole vyepesi na miili midogo ya kupita chini ya mashine. Kwa hiyo kina mama waliajiriwa kwa wingi, na watoto ndio usiseme. Mamia ya watoto walichukuliwa kutoka kwenye makao ya maskini ya Edinburgh na Glasgow, wengi wao yatima, wengine wana miaka 6 au 7 tu.

Waliamka wakaingia kazini saa 12 asubuhi, wakatoka saa 1 usiku. Baada ya hapo wakapelekwa darasani wasome. Jamani, mwanao wa darasa la kwanza anarudi saa 8 mchana na tayari analala juu ya daftari. Mfikirie yule aliyesimama kwenye mashine kuanzia alfajiri.

Na nitende haki: kwa wakati ule Dale alihesabiwa kuwa tajiri mwenye huruma. Watoto wake walikula, walivaa, walikuwa na mwalimu na daktari. Viwanda vingine havikutoa hata hivyo. Ndiyo maana nasema huruma peke yake haitoshi. Unaweza kuwa mtu mwema kabisa, ukaongoza mahali ambapo pamepangwa vibaya tangu msingi, na watu wakaendelea kuumia mikononi mwako.

SEHEMU YA 3: Bosi mgeni

Tarehe 1 Januari 1800 uongozi wa New Lanark ulishikwa na kijana wa miaka 28, Robert Owen. Alikuwa mtu wa Wales, mtoto wa fundi wa matandiko ya farasi. Shule aliacha akiwa na umri wa kama miaka 10, akaenda kufundishwa kazi ya kuuza vitambaa dukani. Kufikia miaka yake ya 20 alikuwa anasimamia kiwanda cha watu kama 500 mjini Manchester. Mwaka 1799 alimwoa Caroline, binti ya Dale, na yeye na wenzake wakakinunua kiwanda cha baba mkwe kwa pauni 60,000.

Unadhani wafanyakazi walimpokea kwa vigelegele? Hapana. Alikuwa mgeni, lafudhi yake ngeni, na alikuja na sheria mpya. Alipinga ulevi, alipinga wizi, alitaka mitaa isafishwe na nyumba zikaguliwe. Kina mama wengine walikasirika sana kuingiliwa ndani mwao. Na hapo nawaelewa. Hakuna anayependa mtu wa ofisini aje kumfunulia sufuria.

Pia alitundika kijibao kidogo cha mbao karibu na kila mfanyakazi. Kilikuwa na pande nne zenye rangi: nyeusi ni kazi mbaya, bluu ni ya kawaida, manjano ni nzuri, nyeupe ni bora kabisa. Kila siku upande uliogeuzwa mbele ulionyesha kazi yako ya jana. Owen alijivunia kwamba kijibao kile kiliondoa viboko na matusi ya wasimamizi, na aliyeona ameonewa aliruhusiwa kwenda kulalamika kwake. Sawa. Lakini mimi nikifikiria kusimama wodini na rangi ya jana yangu inaning'inia kichwani, kila anayepita anaiona, naona aibu hata kabla sijakosea.

Basi ni kitu gani kiliwageuza watu wakamwamini? Mtihani ulikuja wenyewe. Miaka michache baada ya yeye kushika uongozi, Marekani iligombana na Uingereza ikazuia bidhaa zake kusafirishwa. Bei ya pamba ikapanda vibaya, wenye viwanda wengi wakafunga milango, wakawaambia watu waende nyumbani. Owen naye alisimamisha mashine. Lakini hakuwafukuza watu. Kwa miezi 4 aliwalipa mishahara yao kamili, kazi yao ikiwa kusafisha na kutunza mashine tu. Ilimgharimu zaidi ya pauni 7,000.

Kuanzia hapo ndipo walipoanza kumsikiliza. Maneno matamu walikuwa wameshayasikia kutoka kwa wengi. Kilichowagusa ni kwamba siku kazi ilipokosekana, sahani ya mtoto haikukauka.

Akaendelea na mengine. Duka la pale kijijini lilianza kuuza vitu vizuri kwa bei nafuu, wakati maduka ya mwanzo yalikuwa yanawakopesha watu vitu vibovu kwa bei ya kuruka. Ukawepo mfuko wa matibabu: kila mfanyakazi alichangia sehemu 1 kati ya 60 ya mshahara wake, na akiugua anatibiwa. Kama nesi, hapo nampa mkono. Na akaacha kuchukua watoto wa makao ya maskini. Aliwataka wazazi wasilete kiwandani mtoto aliye chini ya miaka 10, wampeleke shule.

SEHEMU YA 4: Mnada, na mlango wa watoto

Sasa hapa ndipo penye utamu wake.

Owen alitaka kujenga shule kubwa ya watoto wa wafanyakazi. Wabia wake wakasema hapana, sisi tumeweka hela ili tuvune faida, si kujenga shule. Ugomvi ukawa mkubwa mpaka mwisho wa mwaka 1813 kiwanda kikapigwa mnada Glasgow. Wabia wale walikuwa wameeneza habari kwamba kiwanda kimeharibika mikononi mwa Owen na hakina thamani, ili wakipate wenyewe kwa bei ya chini.

Hawakujua kwamba Owen alikuwa ameshakwenda London kimya kimya kutafuta wabia wengine. Akawapata, miongoni mwao mwanafalsafa Jeremy Bentham na William Allen wa dhehebu la Waquaker. Hawa walikubali jambo moja kubwa: kila mwaka wangechukua asilimia 5 tu ya mtaji wao, na faida inayobaki ingetumika kwa ajili ya watoto na wafanyakazi. Mnadani wale wa zamani walipandisha, Owen akapandisha, mpaka akakichukua kwa pauni 114,100. Kumbe kile kiwanda walichosema hakina thamani, walikuwa wako tayari kukilipia karibu hela hiyo hiyo! Aliporudi kijijini, watu waliwasha taa madirishani, wakafungua farasi kwenye gari lake, wakalivuta wenyewe kwa mikono.

Wakati huo huo Owen aliwaandikia wenye viwanda wenzake hoja ambayo kwangu haijachuja hadi leo. Alisema hivi kwa ufupi: ninyi mnajua faida ya kutunza mashine za chuma, mnazisafisha, mnazitia mafuta, hamruhusu zichoke. Hizi mashine zilizo hai, ambazo ni za ajabu kuliko zile, mbona hamzitunzi?

Niliposoma hoja hiyo nilicheka peke yangu, maana nilikumbuka mashine ya kuchemshia vifaa vya upasuaji. Ina kadi yake ukutani: imekaguliwa lini, fundi nani, ikaguliwe tena lini. Nesi anayeiwasha usiku kucha hana kadi.

Mwaka 1816, tarehe 1 Januari, jengo la shule likafunguliwa. Na hapa mama zangu sikilizeni vizuri. Ndani yake kulikuwa na sehemu ya watoto wachanga wanaoanza kutembea. Mtoto akishaweza kutembea, mama anamwacha pale mchana, anaingia kazini, jioni anamchukua. Inahesabiwa kuwa miongoni mwa shule za kwanza kabisa za watoto wadogo nchini Uingereza.

Walezi wa mwanzo hawakuwa wasomi. James Buchanan alikuwa mfumaji wa vitambaa, na Molly Young alikuwa binti wa miaka 17. Owen aliwachagua kwa sababu walikuwa na subira na waliwapenda watoto. Masharti yake yalikuwa machache: mtoto asipigwe kamwe, asitishwe, asiambiwe maneno makali, na afundishwe kumfurahisha mwenzake anayecheza naye. Vitabu visiwachoshe wadogo. Waangalie picha za wanyama, ramani na maua, waimbe, wacheze ngoma, na hali ya hewa ikiruhusu watoke nje.

Sisi mwaka huu tuna mtu anayesema mtoto wa miaka 3 bila fimbo haelewi. Haya.

Mwaka huo huo saa za kazi zikapunguzwa zikawa saa 10 na dakika 45 kwa siku. Kwa leo ni nyingi. Kwa wakati ule viwanda vingine vilikuwa vinafika 13 na 14. Na kiwanda hakikufilisika. Kiliendelea kupata faida, na wageni kwa maelfu wakaja kushangaa, akiwemo mwana wa kifalme wa Urusi ambaye baadaye alikuwa mfalme Nicholas wa Kwanza.

SEHEMU YA 5: Wema wa mtu mmoja una mwisho

Ningeishia hapo ingekuwa hadithi ya kulalia. Lakini historia ya kweli lazima tuisome hadi chini.

La kwanza, pamba iliyosokotwa New Lanark ililimwa kwa mikono ya watumwa Weusi ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Mtoto wa Scotland akaimba shuleni, mtoto wa mtumwa akaokota pamba juani. Ukitaka kujua mahali pa kazi panawajali watu, uliza pia habari ya wale usiowaona.

La pili, Owen aliwafikiria sana wafanyakazi wake, lakini hakuwaachia waamue. Yeye ndiye aliyejua kinachowafaa. Alikuwa kama baba mwenye nyumba nzuri ambaye hamuulizi mtu unataka kula nini.

La tatu linatokana na hilo. Vyote vilimtegemea yeye na wabia wake. William Allen, yule yule aliyesaidia kukinunua kiwanda, hakupenda watoto wafundishwe kucheza ngoma, na hakupenda mavazi yao mafupi. Mwaka 1824 Owen alilazimika kusaini makubaliano kwamba ngoma zisifundishwe kwa fedha za kampuni, na wavulana wanaozidi miaka 6 wavae suruali. Mwaka huo huo akaenda Marekani kujaribu kuanzisha kijiji kipya, New Harmony, ambacho kilivunjika ndani ya miaka michache. Mwaliko wa kuimba na kucheza uliandikwa na wakubwa na ukafutwa na wakubwa. Wafanyakazi hawakuulizwa mara zote mbili.

Owen mwenyewe alishaona hatari hiyo, ndiyo maana alihangaika kupata sheria. Alitaka viwanda vyote visiajiri mtoto chini ya miaka 10. Bunge likapitisha sheria mwaka 1819, lakini imepunguzwa makali: umri ukawa miaka 9, wale wa 9 hadi 16 wakaruhusiwa kufanya kazi saa 12 kwa siku, na wa kukagua hawakuwepo. Owen alikasirika. Hata hivyo mlango ulikuwa umefunguliwa. Jambo lililokuwa huruma ya bosi likaanza kuwa haki.

Mlango huo uliendelea kusukumwa na wengine. Mwaka 1919, Washington, mkutano wa kwanza wa Shirika la Kazi la Kimataifa ulipitisha mkataba wa kuwalinda wazazi wanawake: wiki 6 kabla ya kujifungua na wiki 6 baada ya kujifungua, na akirudi kazini apewe nusu saa mara mbili kwa siku anyonyeshe.

Sasa wiki 6 na wiki 6 ni wiki 12. Wiki 12 mara siku 7 ni siku 84. Mnaifahamu hiyo namba? Ndiyo likizo ya uzazi yenye malipo kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ya Tanzania Bara. Ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo, ni siku 100. Baba anapata angalau siku 3. Na sheria hiyo hiyo inasema mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha atumie muda wa kazi kunyonyesha, hadi saa 2 kwa siku. Wengi hamuijui hiyo. Jueni.

Ila angalieni kitu. Kifungu hicho kinatoa muda. Hakitaji chumba. Wenzetu Kenya, sheria yao ya afya ya mwaka 2017 imefika hatua ya kumtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea. Kwetu, yule mama wa wodini ana saa zake 2 kisheria, na mlango alio nao ni wa choo. Kati ya muda na mahali pamebaki nafasi, na nafasi hiyo anaijaza kiongozi. Au haijazi.

Niliwahi kuwa upande ule. Niliporudi kazini baada ya likizo yangu ya uzazi, nilikuwa nakamulia stoo ya mashuka, nimeegemeza ndoo ya maji mlangoni ili mtu akisukuma nisikie. Sikumwambia mtu. Niliona ni shida yangu. Siku moja muuguzi kiongozi wa wodi akasukuma ule mlango. Maji yakamwagika, nikaanza kuomba radhi. Akanitazama, akafunga. Kesho yake akatuita wote tuliokuwa na watoto wadogo, tulikuwa watatu, akauliza: "Mnahitaji nini?" Si "nimewaamulia". Aliuliza. Tukasema kiti, pazia, mahali pa kunawia mikono, na ratiba ya kupokezana dakika 30. Kile chumba cha mafaili ya zamani kikahamishwa mafaili. Gharama ilikuwa pazia, misumari na kiti kilichokuwa kimetupwa nyuma ya jengo.

Yule mama hakuwa na kiwanda wala pauni 114,100. Lakini alifanya moja ambalo Robert Owen hakulifanya. Na alipohamishwa, chumba kilibaki, kwa sababu ratiba iliandikwa ukutani na sisi wenyewe tulikuwa tunaijua na kuitetea.

Kwa hiyo mama unayetarajia, fanya haya. Mpe mwajiri taarifa kwa maandishi angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya matarajio, pamoja na cheti cha hospitali, na ubaki na nakala yako. Kabla hujarudi kazini, ongea na msimamizi kuhusu zile saa 2, utazigawaje, na utakaa wapi. Usiende peke yako kama mpo wengi. Na wewe msimamizi wa duka, wa ofisi, wa shule, wa saluni yenye wasichana watatu, usisubiri usukume mlango ukute ndoo. Uliza.

New Lanark walisokota nyuzi hadi mwaka 1968. Tangu 2001 kijiji kimeorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia, na watu wanakwenda kukitembelea, hata jengo la shule.

Yule mama wa wodini anarudi kliniki mtoto akifikisha wiki 6. Safari hii nitamwandikia kwenye karatasi: saa 2 kwa siku, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, 2004. Halafu nitamuuliza kazini kwao wapo kina mama wangapi.

Wanyonyeshaji wangu, mlale salama. Mimi naingia zamu ya usiku.